Si kila duara kwenye ngozi ni choa

Mhariri,

Makala ya choa, ule ugonjwa wa fangasi wa ngozi, kwenye ukurasa wenu wa afya ilieleza mengi vizuri, ila iliishia kwa ushauri ulionifanya nichukue kalamu: kwamba mtu akiona duara linawasha, akanunue dawa ya fangasi. Mimi ni fundi cherehani. Miundi yangu yote miwili na mgongo wa mkono wa kushoto vilijaa madoa ya mviringo, makubwa kwa madogo, na dukani niliuziwa dawa za fangasi tyubu baada ya tyubu huku madoa yakizidi kuchanua. Haikuwa choa. Ulikuwa ukurutu wa sarafu, aina ya pumu ya ngozi.

Tofauti huonekana ukijua pa kutazama. Choa hutambaa kwenda nje: ukingo huinuka na kufanya magamba, huku katikati pakianza kusafika. Ukurutu huu hujaa sawasawa kuanzia ukingoni hadi katikati. Kwangu ulianza na vipele vidogo vyenye maji, vimesongamana. Vikaungana, vikapasuka, vikachuruzika na kufanya vigaga. Baadaye ngozi ikakauka, ikawa ngumu. Na mwasho wake, hasa usiku, acha tu.

Hata hivyo macho hudanganya, ya daktari yakiwemo. Aliyenisaidia alikwangua magamba kidogo kutoka ukingoni mwa doa, akayatia dawa ya kuyalainisha, akayaweka chini ya hadubini kutafuta nyuzi za fangasi. Hazikuwepo. Hicho ndicho kipimo ambacho makala yenu ingekitaja kabla ya kutaja dawa yoyote.

Kinachonitia hofu zaidi ni zile krimu za mchanganyiko, zenye steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho), dawa ya fangasi na dawa ya bakteria humohumo. Mwenye choa akijipaka, steroidi hutuliza mwasho siku za mwanzo, naye huisifia dawa kwa kila anayekutana naye. Kumbe fangasi wanaendelea kutambaa, na doa hubadilika sura hadi daktari naye apate kazi kulitambua.

Kuna mteja aliyenichukulia futi mkononi akajipima kiuno mwenyewe. Simlaumu, choa huambukiza kweli. Ukurutu wa sarafu hauambukizi: si kwa kushikana mikono, si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa kuvaliana nguo.

Mara nyingi huipata ngozi iliyokauka, na huweza kuanzia mahali palipoumwa na mdudu au palipokwaruzika. Wengine wana mzio wa kitu wanachokigusa kila siku. Mimi nilibandikwa vibandiko vya majaribio mgongoni, vikakaa siku mbili, vikatolewa na ngozi ikasomwa. Nikaambiwa niende tena isomwe upya, kwa kuwa mzio mwingine huchelewa kujitokeza. Kwenye kibandiko cha nikeli, metali inayopatikana kwenye vyombo vingi vya chuma, paliwaka. Subana yangu ya chuma nimeiweka kando, siku hizi navaa ya plastiki, na mikasi nimeivalisha kitambaa kwenye mpini.

Tiba yenyewe haina maajabu, inataka ushikilie. Nilipewa krimu ya steroidi kali, ya kupaka juu ya doa tu, si usoni wala kwenye mikunjo ya mwili. Nilifundishwa kuipima kwa kidole cha shahada: mstari wa krimu kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza, takriban nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Niliambiwa nisiache mara mwasho unapokoma bali hadi doa lilale kabisa, kwa muda aliopanga daktari. Kuoga ni kwa maji ya uvuguvugu, haraka, bila kusugua. Ukishajikausha kwa kubonyezabonyeza taulo, paka mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Kama fundi naongeza langu: sufu isigusane na ngozi, tanguliza pamba.

Doa likianza kuuma badala ya kuwasha, likapata joto, usaha au homa, bakteria wameingia, rudi hospitali. Wasiopona kwa krimu wapo pia, nao huweza kutibiwa kwa mwanga maalumu au vidonge chini ya uangalizi wa daktari.

Ombi langu, Mhariri: mkirudia mada hii, wekeni picha za ngozi nyeusi. Vitabu husema doa ni jekundu. Langu lilikuwa kahawia iliyoiva, mahali pengine kama zambarau, na lilipopona likaacha kovu la rangi lililodumu miezi. Wengi wakiliona hilo hudhani ugonjwa bado upo, wanarudi kujipaka steroidi kwenye ngozi iliyokwisha kupona.

Fundi cherehani, msomaji wenu