Siku ya ndege isiishie saa kumi na moja jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na wenzangu wa Lindi, hasa wale wanaoandaa siku ya ndege na wanyamapori huku kwetu Rutamba. Kwanza nawashukuru kwa dhati. Mwaka huu watoto wetu waliazimwa darubini, wakapelekwa ukingoni mwa ziwa, wakamwona furukombe akinyakua samaki mbele yao. Hawatalisahau hilo. Lakini ilipogonga saa kumi na moja jioni mahema yalikuwa yanang'olewa, spika zinapakiwa kwenye gari, na sisi tunaambiwa kwaherini hadi mwakani.

Juu ya jukwaa lilitundikwa bango kubwa lenye picha ya komba. Siku nzima hakuna aliyemwona komba wala kumsikia. Angemwonaje? Saa hizo komba amelala.

Mhariri, hili linaniuma kwa sababu komba ndiye fahari yetu. Katika misitu ya Rondo na Litipo yumo komba mdogo ambaye wataalamu walimtambulisha rasmi kama spishi ya peke yake katika miaka ya 1990, wakampa jina la Rondo. Uzito wake ni kama gramu 60, na mkia wake umetimka kama brashi ya kuoshea chupa. Duniani kote anapatikana katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Halafu komba hawa wadogo wanafanana mno. Wataalamu huwatofautisha kwa milio yao. Sasa mtoto atausikia wapi mlio wa komba saa tano asubuhi, tena spika zikiunguruma?

Usiku uleule wa sherehe nilikuwa nimekaa barazani. Komba mkubwa, yule anayelia kama mtoto mchanga, akaanza kuita kwenye mwembe wa jirani. Nilifunga tochi kwa kitambaa chekundu ili mwanga usimchome macho, nikatoka na wajukuu wawili na watoto wawili wa jirani. Tulisimama kimya chini ya mwembe. Yakawaka macho mawili, yakahama tawi, yakawaka tena juu zaidi. Mtoto mdogo alinishika kanzu kwa nguvu lakini hakutaka turudi ndani. Watoto wanne waliona walichokosa mamia ya watu waliokuja mchana.

Na si komba peke yake. Bundi tumerithishwa kumwogopa. Akilia juu ya paa, watu hulala wanasubiri msiba. Nilipokuwa nafundisha niliwahi kuokota vile vidonge anavyotapika bundi, chini ya kenchi za ghala la zamani la korosho. Nikawapa wanafunzi wavichambue kwa miiba ya mlimau. Ndani ya manyoya yaliyogandamana mlikuwa na vifupa, na katika kidonge kimoja tu tulipata mafuvu manne ya panya. Mvulana mmoja aliyeyapanga kwenye daftari lake aliniambia baba yake analalamika kila msimu kwamba panya wanamaliza mahindi ghalani. Hakuhitaji hotuba yangu. Zoezi kama hilo, likifuatiwa na mzee anayesimulia hadithi za bundi kando ya moto, kwangu mimi linashinda hotuba tatu za jukwaani.

Upo pia mbuyu. Msimu wa maua yake ukifika, keti chini yake jua likizama. Ua hufunguka jioni hiyohiyo, jeupe, kubwa kama kiganja, lina harufu nzito. Giza likiingia popo wanafika, wanatumbukiza nyuso katika chavua na kuipeleka ua hadi ua. Kesho yake ua limekuwa kahawia, limeanguka. Ubuyu wanaoumumunya watoto njiani kwenda shule ulianzia kwenye kazi ya popo, yuleyule tunayemrushia mawe.

Najua hofu ya waandaaji, na ni hofu ya haki. Usiku kuna nyoka, na siku hizi tembo wanafika mpaka mashambani. Kwa hiyo sisemi watu watawanyike msituni. Makundi yawe ya watu wasiozidi kumi, kila moja na mtu wa kamati ya maliasili ya kijiji anayezijua njia, na askari wa wanyamapori aulizwe mapema kama tembo wameonekana upande huo. Viatu vya kufunika miguu ni lazima. Watoto waje na wazazi wao, na gari la kuwarudisha akina mama wanaotoka vijiji vya mbali lisiondoke hadi saa tatu usiku. Gharama si kubwa: uji, mihogo ya kuchemsha, kuni kidogo. Jenereta libaki nyumbani. Muziki pia, watu wa ngoma tuwape alasiri yote wacheze watakavyo, kisha giza likiingia tuwaachie wenye usiku wao.

Na wagema waalikwe. Hao huparamia minazi alfajiri na jioni, na wanajua komba gani amekunywa tembo la nani. Sijawahi kuona mgema hata mmoja akipewa nafasi ya kusema siku ile.

Maandalizi ya mwakani yakianza, mimi nipo. Tochi ninayo, vitambaa vyekundu nitanunua mwenyewe, na mwembe wa jirani nimeshauombea ruhusa.

Mwalimu mstaafu,
Rutamba, Lindi