Asante sana kaka wa altrasaundi, Tabora

Jamani naomba nimshukuru mtu mbele yenu, jina lake sikulipata. Mdogo wangu kajifungua njiti hapa Tabora, wiki 32 hazijafika, na wodini tukaambiwa watoto wa hivi mishipa ya ubongo ni laini mno, inaweza kuvuja damu siku za mwanzo tu na kwa nje usione dalili yoyote. Mama mtu akawa hali, halali.

Huyu kaka alishamaliza zamu, begi liko begani. Akarudi. Akaisukuma mashine mpaka pale mtoto alipolala maana hakutaka atolewe kwenye joto, akanawa mikono, akafuta kile kifaa, jeli akaipasha kwanza kiganjani ndo akapaka utosini, pale panapodunda, maana hapo mfupa haujafunga na mawimbi ya sauti yanapita. Mkono mwepesi, mtoto hata hakulia. Halafu akamgeuzia mdogo wangu skrini, akamwonyesha vyumba vya maji katikati ya ubongo, akamwambia mama, damu ingekuwepo ingeonekana nyeupe hapa, leo sijaiona, ila lazima turudie kipimo maana inaweza kuja baadae. Hakutudanganya wala hakututisha, yani hilo ndo limenigusa zaidi.

Wenye njiti muulizeni daktari kuhusu kipimo hiki, hakina mionzi. Na wahudumu wengine, mweleze mzazi anachokiona kama alivyofanya huyu. Kaka kama unasoma, mama wa mtoto anakusalimia sana, Mungu akuzidishie.