Mwongozo haujui kwamba kwetu "shuka" ni "suka"

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa chuo cha ualimu na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya juma lililopita, ile ya walimu wa madarasa ya chini "wasiofuata mwongozo", imenitoa kimya.

Tusome, mpango wa serikali wa kufundisha kusoma madarasa ya chini, siikatai. Kabla ya 2015 darasani kwangu watoto wanne walikuwa wakivutana kitabu kimoja. Ulipokuja mpango huo kila mmoja akapata chake. Lakini mwongozo ulioandamana na vitabu umeniandikia mpaka maneno ya kutamka. Hatua zake: mimi nafanya, sisi tunafanya, wewe unafanya, kengele. Dakika 30.

Sasa Dholuo, lugha yetu, haina "sh". Asubuhi moja mtoto alisoma "mama anashuka" akatamka "mama anasuka", darasa zima likamfuata, na hakuna aliyecheka kwa kuwa hakuna aliyesikia kosa. Nikafunga mwongozo. Nikawaambia waweke kidole mdomoni kama wanaomnyamazisha mtoto mchanga: shhh. Nikachora ubaoni mama akishuka matatu, kando yake mama akisuka ukili, tukarudia mpaka yule mtoto akaipata, akacheka na pengo lake. Kumbe nyuma, afisa aliyekuja kunikagua anagonga tu kishikwambi. "Mwalimu, umeruka hatua tatu." Akaita watoto watatu awapime kwa saa, maana ufasaha wa Kiswahili ni maneno 45 kwa dakika. Yule wangu wa pengo akasoma polepole, kila "sh" mahali pake. Akaandikwa hajafika. Miaka 24 nakula vumbi la chaki, Mhariri, na mtu haniulizi hata kwa nini nilisimama pale!

Na vishikwambi vyenyewe! Siku hizi alama za watoto tunazipakia saa nane za usiku, mtandao ukiwa umepumua kidogo, kwa bando la pesa zetu. Hilo hamjaliandika.

Wanaochapa miongozo waache ukurasa wa kila Alhamisi mtupu, pawe na tarehe tu. Afisa naye aje Alhamisi hiyo, kishikwambi akiache kwenye pikipiki, aketi dawati la nyuma pale mvua inapoingilia, na asiondoke kabla hajawataja kwa majina watoto wangu wote 58.

Mwalimu wa Gredi ya Pili,
Homa Bay