Mtoto hapumui kwa shingo

Bukavu, Jumapili jioni

Rafiki yangu Mama Amani,

Salamu nyingi toka huku Kadutu. Sisi wazima, ila mvua haitupi nafasi na njia ya kupanda kwetu imekuwa matope matupu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikia, ukanitia huruma. Ekografi, ile picha ya tumbo, imeonyesha kamba ya kitovu imezunguka shingo ya mtoto, na jirani yako naye akaongeza chumvi, eti ni kwa sababu ulipita chini ya kamba ya kuanikia nguo, sasa mtoto atakosa pumzi. Kwa simu mtandao ungetukata katikati, heri nikuandikie usome taratibu.

Mtoto wako hapumui kwa shingo. Koo lake kwa sasa si njia ya hewa. Mapafu yake yamejaa maji, na maji hayo yanatengenezwa na mapafu yenyewe. Hata kama kwenye ekografi uliona kifua kinapanda na kushuka, yale ni mazoezi tu. Hewa anayoitumia inaingia kwa pua yako wewe, inapita mapafu yako, inabebwa na damu yako mpaka kwenye kondo la nyuma, na huko ndiko anakochukulia fungu lake.

Laiti ungeliona kondo kama tunavyoliona sisi wakunga! Mtoto akishatoka tunalipokea kwenye beseni, tunaligeuza huku na huku kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki ndani. Lina uzito wa karibu nusu kilo, upana wa sentimita 20 hivi. Upande uliokuwa umeshikamana na mji wa mimba ni mwekundu wa kukolea, una mafungumafungu. Upande wa mtoto ni laini, unang'aa, na mishipa imetambaa yote ikielekea pale kitovu kinapoanzia. Ukikitazama kitovu mahali kilipokatwa, ukipangusa damu, unaona matundu matatu: moja kubwa lenye ukuta mlegevu na mawili madogo, magumu. Lile kubwa lilikuwa likimpelekea mtoto damu yenye oksijeni, na yale mawili yakirudisha ile iliyokwisha kutumika.

Damu zenu hazichanganyiki, wengi hapo wanakosea. Mishipa ya mtoto inajigawa vijitawi vyembamba sana, navyo vimezama katika damu yako kama mizizi ndani ya maji. Oksijeni inapenya utando kutoka kwako, iliko nyingi, kwenda kwake. Kaboni dioksidi inapenya kurudi kwako, uitoe wewe kwa pumzi zako. Ndiyo maana siku hizi unahema hata ukipanda ngazi chache tu. Homoni za mimba zinakusukuma uvute hewa zaidi, na wala si uvivu kama anavyokutania Baba Amani.

Na oksijeni yenyewe inayomfikia ni kidogo mno. Mwanasayansi mmoja Mwingereza, Joseph Barcroft, alilinganisha maisha ya tumboni na kukaa kwenye kilele cha Everest. Fikiria: sisi tuko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima Nyiragongo una 3,470, na wanaoupanda hufika juu wamechoka hoi. Everest inapita 8,800! Na huko ndiko mtoto anakonenepa. Anaweza kwa sababu hemoglobini yake, ile inayobeba oksijeni ndani ya damu, si kama yetu. Inanyakua oksijeni kwa nguvu kuliko ya mama, na katika damu yake iko nyingi. Moyo nao unapiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, na katikati una tundu linalopitisha damu upande wa pili bila kupita kwenye mapafu, maana huko kwa sasa haina cha kufuata. Tundu hilo huanza kujifunga akishavuta pumzi zake za kwanza. Ile hemoglobini ya tumboni, yenyewe, huchukua miezi kwisha, ndiyo maana watoto wenye SS, ule ugonjwa wa selimundu, huonekana wazima kabisa mwanzoni.

Sasa hicho kitovu shingoni. Mtoto mmoja kati ya wanne au watano huzaliwa hivyo. Sisi tunapitisha kidole, tunakivua kupitia kichwani, kazi inaendelea. Kamba ya nguo haimo. Kitovu kina urefu wa nusu mita na zaidi, mtoto anajigeuzageuza, anajizungushia mwenyewe na mara nyingi anajitoa mwenyewe. Tena mishipa imezungukwa na ute mzito unaoteleza, haibanwi kirahisi. Kinachotuogopesha sisi ni kitovu kubanwa hadi damu isipite, awe nacho shingoni au kiwe kimetangulia mbele yake chupa ikipasuka. Kwa hiyo usizalie nyumbani. Nenda maternite, uwaambie mapema ekografi ilisema nini, ili wasikilize moyo mara kwa mara wakati wa uchungu.

Mimi ninachokiogopa kwako ni babula, hilo jiko lako la makala. Najua baridi ya Goma usiku, na najua unaiingiza ndani makala yakiwa yangali mekundu, madirisha umefunga. Makala hayo yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inang'ang'ania hemoglobini na kuzuia oksijeni isishike. Inavuka kondo, na kwa mtoto inajaa zaidi na kuchelewa kutoka kuliko kwako. Wewe utasema tu kichwa kinauma. Watu wa Goma mnaheshimu mazuku, ile hewa ya sumu inayotuama mabondeni, kila mtu anajua bonde la kutopita, lakini babula mnalala nayo! Itoe nje, tafadhali.

Chandarua usikiache pia, na Fansidar unayopewa kliniki uimeze palepale, kwa sababu vijidudu vya malaria hujificha ndani ya kondo na kuharibu kazi yake. Vidonge vya madini ya chuma usiache eti vinakuletea kichefuchefu, meza usiku. Ukilala, lalia ubavu, wa kushoto au wa kulia. Chali, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na kondo linapata kidogo.

Ukiona mtoto amepunguza kucheza, usimngoje Baba Amani arudi. Panda pikipiki uende, hata kama ni usiku. Na akizaliwa analia vizuri, waombe wasikate kitovu papo hapo, wangoje dakika moja hadi tatu apate damu yake iliyobaki upande wa kondo.

Nguo za mtoto nitazituma kwa boti ya Alhamisi. Ukishapima presha na damu kliniki, niandikie majibu yote, usiniambie tu "wamesema sawa."

Msalimie Amani na baba yake.

Wako,
Mama Neema