Ziwa Tanganyika si kipande cha bahari ya Jurasiki

Mhariri,

Hapa Kigoma mtu akiokota gamba la konokono lenye miiba ufukweni, hakosi wa kumwambia kuwa ziwa hili ni bahari ya kale iliyosahauliwa bara. Dhana hiyo ina mwenyewe. Mwaka 1903 Mwingereza J.E.S. Moore alidai kwamba konokono na konyeza wa ziwani ni masalia ya bahari ya Jurasiki, enzi ya kale ya dunia. Alilinganisha magamba kwa sura, na sura hudanganya, maana konokono wa koo tofauti huweza kuota gamba la namna moja. Bonde la ziwa lilianza kufunguka yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita. Jurasiki iliisha miaka milioni 145 iliyopita.

Anayetaka kutuonyesha bahari ya Jurasiki atuonyeshe mabaki ya planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini, ndani ya mwamba. Planktoni huelea, kwa hiyo spishi mpya husambaa bahari kubwa kwa muda mfupi, kisha mabaki yake huzama mahali pengi kwa wakati ule ule. Ndiyo maana sisti (vifuko vigumu) za dinoflajelati, aina ya planktoni, zimesaidia kukadiria umri wa matabaka ya Tendaguru, mahali penye visukuku mkoani Lindi. Miamba ya Uvinza, hapa mkoani kwetu, ilijengeka kabla kokolithi, vijisahani vya chokaa vya mwani waeleao, hazijatokea duniani, basi kuzitafuta humo ni kupoteza siku.

Kipimo cha kokolithi ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Vunja jiwe, kwangua unga kidogo sana kutoka uso mpya wa ndani, udondoshee maji juu ya kioo, utandaze kwa kijiti cha meno, ukaushe kwa moto mdogo, ugandishe kwa gundi angavu. Tazama kwa hadubini ya mwanga uliopolaraizishwa (unaotetema upande mmoja tu), ukikuza mara 1,000. Kokolithi, yenye upana wa mikroni (elfu za milimita) chache tu, hung'aa ikiwa na msalaba mweusi katikati. Sisti ni kazi nyingine: huhitaji asidi ya haidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani, na haifai kuguswa nje ya maabara yenye vifaa vyake.

Makosa huanzia porini. Jiwe lililooza kwa mvua na jua limepoteza sisti, na maji yenye asidi yamekula kokolithi. Ukiona Watznaueria barnesiae, kokolithi sugu, imejaa peke yake, shuku kwanza kwamba zile dhaifu zimeyeyuka. Mmomonyoko nao huhamisha visukuku vya zamani hadi kwenye tope jipya, kwa hiyo spishi changa kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka wa umri. Katika vipande vya mwamba vinavyotoka kwenye kisima kinachochimbwa, vya juu huporomoka chini. Hapo tegemea mahali spishi inapoonekana mara ya kwanza ukishuka, usitegemee inapokoma.

Tunawaomba walimu wa mkoa huu waonyeshe wanafunzi tope la ziwani lenyewe. Wataona diatomu, vijigamba vya silika vya mwani wadogo.

Wajiolojia wawili,
Kigoma