Hiyo siyo dinari ya Tiberio

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu Injili na kodi niliifurahia, hadi nilipofika kwenye picha. Chini yake mmeandika kuwa ndiyo dinari, ile sarafu ya fedha ya Kirumi, aliyoonyeshwa Yesu alipoulizwa Hekaluni kama ni halali kumlipa Kaisari kodi. Nikavaa miwani, nikasogea dirishani. Naona sime mbili zimesimama wima, katikati yake kofia ya duara, na chini herufi EID MAR.

Hiyo ni dinari ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, mtawala wa Roma. Iligongwa mwaka 42 KK, zaidi ya miaka 70 kabla ya yale mazungumzo ya Hekaluni. Na EID hapo si Idi ya kuchinja mbuzi, ingawa siku hiyo damu haikukosekana: ni Kilatini kilichofupishwa, yaani tarehe 15 Machi, siku aliyouawa Julius Caesar mwaka 44 KK. Kofia ile ilivaliwa na mtumwa aliyeachwa huru. Sime hazihitaji mkalimani. Hata askari asiyejua kusoma alipopokea mshahara wake aliambiwa kila kitu: tumemuua, mko huru.

Upande wa pili, ambao hamkuuonyesha, ndio unaonichekesha. Pana sura ya Brutus mwenyewe! Caesar ndiye Mrumi wa kwanza kuweka uso wake kwenye sarafu za Roma akiwa bado hai, mapema mwaka ule ule wa 44 KK. Heshima hiyo ilikuwa ya miungu na marehemu, na wengi walinusa harufu ya ufalme. Miaka miwili baadaye muuaji wake naye akajichora.

Dinari ya kodi, kwa wataalamu wengi, ni ya Tiberio, Kaisari wa Roma aliyetawala mwaka 14 hadi 37 BK. Ni fedha isiyofika gramu 4. Mbele pana kichwa chake chenye shada la majani, na maandishi yanayomwita mwana wa Augusto, Kaisari aliyemtangulia, aliyefanywa mungu. Nyuma mwanamke ameketi, ameshika fimbo na tawi. Myahudi mcha Mungu kuulizwa hadharani sanamu na anwani hiyo ni ya nani, tena akiwa ndani ya Hekalu, si swali la mzaha.

Naomba mtoe masahihisho kabla ya Jumapili. Watoto ninaowafundisha kanisani wameshaikata picha yenu na kuibandika ukutani, chini ya maneno "Mpeni Kaisari", na mmoja ameniuliza kama zile sime ndizo za kumpa.

Mwalimu mstaafu,
Moshi