Mabawa ya duara si vituko

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ndege za kale iliyatia mabawa yote ya duara katika kapu moja la vituko. Kuna duara za namna mbili. Ndege ya 1906 ya waundaji Blériot na Voisin ilikuwa na mabawa yaliyofungwa umbo la yai ukiitazama kwa mbele, nayo haikubanduka majini katika ziwa Enghien, Ufaransa. Ya waundaji wengine, Lee na Richards, ilikuwa duara ukiitazama kwa juu, bapa, na tundu katikati mithili ya kata ya kichwani. Hiyo iliruka, huko Shoreham, Uingereza, Novemba 1913. Iliangushwa na uzito wa mkiani, wala si umbo la bawa: pua ilipanda, hewa ikaachana na mgongo wa bawa, ndege ikaangukia nyaya za simu. Rubani alisalimika, na zilizofuata ziliruka 1914.

Anayebisha kwamba bawa la duara laweza kuruka na ajaribu ile namna ya kwanza nyumbani. Chomoa chelewa moja kwenye fagio, uikate sentimita 20. Kata karatasi ngumu ya manila vipande viwili vya upana wa sentimita 2.5, kimoja urefu wa 13, kingine 25. Vikunje pete, ncha zipandane sentimita moja, ugundishe. Karatasi ya daftari haifai. Kwa unyevu wetu wa Pwani hulegea. Pete ndogo ikae mbele, kwenye ncha nene ya chelewa, kubwa nyuma, zote upande mmoja. Chungulia kwa mbele: uone ukingo wa karatasi tu. Ukiona ubavu wa ndani, pete imekaa upande na ndege itazunguka.

Sasa ilaze juu ya kidole. Itaelemea nyuma, ugonjwa uleule wa Shoreham. Tia kibanio cha karatasi puani mpaka ikae sawa mbele kidogo ya katikati. Ikichomoka pua chini, sogeza kibanio nyuma. Ikiinua kichwa kisha ikaporomoka, kirudishe mbele. Irushe pete zikiwa juu, polepole, bila kuielekeza angani, na si kando ya bahari pale Mama Ngina alasiri: upepo wa pale utaipeperusha.

Kasoro ya pete ipo, ila ni nyingine. Mbavu zake mbili zilizosimama hazibebi uzito wowote, na bado zinaburuta hewa muda wote. Hilo makala haikuligusa.

Mtengenezaji wa modeli za ndege,
Kisauni, Mombasa